Nyuki ndani ya tumbo: gitaa la semiholo na pedali ya fazi

"Kijana, hilo gitaa lako limeingia nyuki?"

Ndo alivyoniuliza mzee wetu, kiongozi wa bendi, baada ya kunyoosha mkono juu na wimbo mzima ukasimama. Tulikuwa mazoezini kwenye ukumbi mmoja Tabata, mwezi wa pili, saa nane mchana, lile joto la Dar ambalo hata feni inakupulizia moto tu, na mi ndo kwanza nilikuwa nimekanyaga fazi, kiboksi cha mguuni cha kukoromesha gitaa, mbele ya watu. Nikamwambia hapana mzee, ni pedali. Akasema, "Basi watoe hao nyuki, watu wanakuja kucheza, hawaji kung'atwa." Nikazima, tukaendelea.

Usiku sikulala vizuri. Sio kwa sababu kanikosoa, mzee kapiga rizimu kwenye bendi za dansi tangu mi sijazaliwa, ana haki yake. Kilichoniuma ni kwamba sauti niliyokuwa naisikia kichwani siyo iliyotoka kwenye spika, na nilikuwa na uhakika kwamba imo humo humo, kwenye gitaa hilo hilo na kiboksi hicho hicho, sema sijajua bado namna ya kuvipatanisha. Imenichukua kama miaka minne. Nataka nieleze nilichokipata maana kila nikikutana na wapiga gitaa wenzangu naambiwa kitu kile kile, kwamba semiholo, yaani gitaa la umeme lenye uwazi nusu kama langu, na fazi haviendi pamoja, ukitaka fazi tafuta gitaa la ubao mzima, lisilo na uwazi ndani. Mi nakataa, na ntaeleza kwa nini nakataa.

Kwanza gitaa lenyewe. Langu sio Gibson, ni nakala, lakini mama yao wote ni Gibson ES-335 iliyotoka 1958. Ukilishika unaona mbavuni, kushoto na kulia, liko wazi kama sanduku, na limetobolewa matundu mawili ya umbo la herufi f, ila katikati kuanzia shingoni hadi mkiani limepitishwa gogo zima la mti, na pikapu, zile sumaku za chini ya nyuzi zinazoisoma sauti, zimekalia hilo gogo. Kwahiyo sio gitaa la tumbo kama yale manene ya jazi, na sio ubao mzima pia. Limekaa katikati ya hayo mawili.

Nililinunua kwa sababu ya giza. Mtaani kwetu kipindi kile umeme ulikuwa unakatika usiku, na mchana nipo kazini, kwahiyo muda wa mazoezi ulikuwa ndo huo huo wa giza. Gitaa la ubao mzima bila amplifaya ni kama unakwaruza kopo. Hili lina tumbo, linasikika chumba kizima, sio kwa nguvu lakini unaisikia noti inavyoanza, inavyokaa na inavyoisha, na ukilikumbatia vizuri ubao wa nyuma unautetemesha mwili wako, unausikia kwenye mbavu. Miezi mingi nimepiga hivo gizani, mgongo ukutani, bila kuona hata vidole. Huo mtetemo wa mbavuni nilikuja kuukumbuka baadaye, maana ndo habari yote iliyopo hapa.

Sasa fazi. Sauti ya gitaa ikitoka kwenye pikapu ni wimbi linalopanda na kushuka taratibu. Fazi inalichukua hilo wimbi inalikuza, inalikuza, mpaka linagonga dari, na lisipoweza kupanda tena linakatwa kichwa, juu na chini, linabaki limenyooka kama tofali. Sikio lako linasikia mngurumo, au spika iliyopasuka, au kama alivyosema mzee, nyuki. Na ilianza kwa kitu kuharibika kweli. Nashville, Marekani, wanarekodi wimbo wa Marty Robbins uliotoka 1961, gitaa la besi la nyuzi sita la Grady Martin likapita kwenye chaneli ya mixa iliyokuwa imeharibika, likatoka linakoroma, wakaliacha vile vile. Fundi mitambo wa pale, Glenn Snoddy, akakaa chini akatengeneza kifaa cha kuutoa mkoromo ule kwa makusudi, na 1962 kikaingia sokoni kwa jina la Maestro Fuzz-Tone. Aliyekiuza unajua ni nani? Gibson. Wale wale wa ES-335. Miaka minne tu kati ya gitaa na pedali, na vyote vimetoka nyumba moja, halafu leo naambiwa haviendani!

Lakini lawama zina msingi, tuwe wakweli. Tatizo ni fidibeki. Sauti inatoka kwenye spika, inarudi inaligonga gitaa, ubao wa juu unatetemeka kama ngozi ya ngoma, nyuzi zinatetemeka nao, pikapu inazisoma, inapeleka kwenye amplifaya, inatoka tena kwenye spika ikiwa na nguvu zaidi, na mzunguko unaendelea mpaka ukumbi mzima unashika masikio. Kwenye ubao mzima hakuna uwazi wa kutetemeka hivo, kwahiyo unapata nafasi. Na fazi inaongeza ugonjwa kwa sababu haikuzi vyote sawa, ile sauti kubwa inaikata kichwa lakini ile ndogo kabisa, hata kidole kikigusa uzi kwa bahati mbaya, inainyanyua inaiweka karibu sawa na kubwa. Yaani gitaa limenyamaza na fazi bado inatafuta cha kukuza. Ikikosa inachukua mtetemo wa tumbo.

Wapiga gitaa wanaogopa sana hiyo kitu. B.B. King, gwiji wa bluzi, alikuwa anashindilia taulo ndani ya matundu ya f, na Gibson walipomtengenezea gitaa la jina lake, Lucille, 1980, waliyaziba kabisa, halina matundu. Na yeye alikuwa hapigi hata fazi, ni amplifaya tu kwa sauti ya jukwaani.

Mi kilichonibadilisha mawazo sio mpiga gitaa. Ni ilimba.

Kwa asiyeijua, ilimba ni chombo cha Wagogo wa Dodoma, sanduku la mti lililo wazi ndani, juu yake vimepangwa vyuma vinavyopigwa kwa vidole gumba. Marehemu Hukwe Zawose ndo aliyeitembeza dunia nzima kabla hajafariki 2003. Nilikuwa nimeiona mara nyingi bila kuiangalia. Siku moja nikaishika ya jamaa mmoja anayefundisha watoto Bagamoyo, nikaisogeza sikioni, nikasikia kila noti ina mvumo unaoifuata nyuma, zzzzz, mwembamba, kama kuna mdudu ndani. Nikamuuliza kaka hii imepasuka? Akanigeuzia akanionesha katundu kadogo kalikozibwa na utando wa buibui. Ngozi nyembamba kuliko karatasi ya sigara. Hewa ya ndani ya sanduku ikitikisika, utando nao unatikisika na kuvuma. Akaniambia, na hili nalikumbuka lilivyo, "Ukiutoa huu inabaki vyuma tu."

Aisee. Nilikaa pale nikiigeuza geuza. Sanduku la wazi na mvumo juu yake, vimewekwa pamoja kwa kutaka, na watu ambao hawajawahi kuona waya wa umeme. Tumbo ndo linaloupa mvumo pumzi. Na sio ilimba peke yake, kule Kinshasa bendi ya Konono N°1 walichukua likembe, ndugu yake ilimba, wakaifunga pikapu za kujitengenezea na spika zao za mtaani, mkoromo uliotoka wakauacha, ukawa ndo muziki wenyewe. Na Zambia miaka ya 70 vijana wa Zamrock, yaani roki ya Kizambia, kina WITCH, kina Ngozi Family, walipiga fazi juu ya midundo ya kwao bila kuomba ruhusa kwa mtu. Lakini ilimba ndo iliyonishika, kwa sababu mle hakuna anayepigana na tumbo. Mi nilikuwa napigana nalo.

Basi nikarudi nyumbani nikaanza upya. Jambo la kwanza nililofanya nilikata godoro. Kweli, kipande cha sponji ya godoro kuukuu, nikakichonga kwa mkasi umbo la f, kinene kidogo kuliko tundu ili kijibane chenyewe. Mwanzo niliziba yote mawili na fidibeki ikapungua sana, ila gitaa likafa pia, likawa kama mtu anaongea na mto usoni. Nikatoa moja. Sasa hivi naziba tundu la upande wa nyuzi nene na naacha lile la upande wa nyuzi nyembamba wazi, na hiyo ndo naona inafaa kwa gitaa langu, la kwako linaweza likataka kinyume. Jaribu kidogo kidogo, hata nusu ya tundu inaleta tofauti unayoisikia.

La pili ni pa kusimama. Hili watu wanalidharau mno. Kaa mbele ya amplifaya ukiielekea, gitaa linaanza kulia lenyewe. Geuka robo, linanyamaza. Piga hatua mbili nyuma, linalia tena ila noti nyingine, kwa sababu umbali umebadilika na mawimbi yanakutana pengine. Nilichukua chaki nikawa nachora sakafuni. Kwenye kile chumba chetu cha mazoezi, nikisimama hatua tatu kutoka kwenye spika, bega la kushoto likiielekea, nikibonyeza C ya freti ya tano uzi wa tatu, naipiga mara moja tu naacha mkono. Inakaa. Sekunde mbili za kwanza unasikia fazi yenyewe, nene, inakwaruza kidogo. Halafu badala ya kufifia inaanza kuvimba kutoka chini, ubao wa nyuma unautetemesha ubavu wangu kama zile usiku za giza, na polepole noti inajigeuza inapanda oktavu moja juu, laini kama filimbi, bila mi kugusa kitu. Nikisogea nusu hatua inarudi chini. Nikigeuza bega inakata. Hiyo sauti ubao mzima nao unaitoa, lakini mpaka uupigie kelele kweli, amplifaya iwe juu majirani wajue. Semiholo linakupa kwa sauti ya kawaida ya ukumbi wa harusi.

La tatu, na kama una muda wa kusoma kitu kimoja tu soma hiki, ni volyumu ya gitaa. Sio ya pedali, sio ya amplifaya. Ya gitaa. Watu wanaikanyaga fazi wameacha volyumu kwenye kumi, na gitaa kama hili lina pikapu za hambaka, zile za koili mbili, zenye nguvu, kwahiyo fazi inapewa chakula kingi kuliko inavyoweza kutafuna na kinachotoka ni uji. Shusha mpaka saba, nyuzi zinaanza kuachana. Shusha mpaka nne na fazi bado imewashwa, unapata sauti safi yenye kung'aa ambayo sijaipata kwa njia nyingine yoyote, unaweza kupiga rizimu ya dansi nayo na mtu asijue kuna pedali. Kidole kidogo cha mkono wa kulia ndo kinafanya kazi yote, mguu umepumzika.

Hiyo inafanya kazi zaidi kwenye fazi za familia ya Fuzz Face, ile ya duara ya London ya 1966 iliyochukua umbo lake kwenye kitako cha stendi ya maiki. Siri yake ni kwamba mlango wake wa kuingilia unaivuta pikapu moja kwa moja, pikapu na pedali vinakuwa kama kitu kimoja, ukigusa volyumu umegusa pedali. Ndo maana ukiweka kitu katikati, tyuna ya kupimia nyuzi yenye bafa, kisaketi kinachoitenga pikapu na pedali, au ile mitambo isiyo na waya, unaharibu kila kitu, sauti inakuwa nyembamba na kali na volyumu haisikii tena. Nilihangaika mwezi mzima nikidhani pedali imekufa kumbe ni tyuna. Fazi iwe ya kwanza, gitaa, kebo, fazi, basi. Fazi ya Big Muff ni habari nyingine, ile ina transista nne, vile vidude vya kukuza sauti, na nobu ya toni, ni tamu na inakaa muda mrefu, lakini inapunguza sauti za katikati, na kwenye bendi yenye tarumbeta na saksafoni na magitaa matatu utajikuta unapiga peke yako kichwani mwako, hakuna anayekusikia. Chumbani nzuri, jukwaani kwetu hapana.

Na usipige kodi nzima, yaani noti nyingi kwa pamoja. Fazi inachanganya noti na kuzaa noti nyingine ambazo hujazipiga, kwahiyo zile kodi zetu tamu za rumba zinageuka kelele. Noti moja, au oktavu, au kwinti, yaani noti na ya tano yake. Noti na ya tatu yake au ya sita yake ziache kwa sauti safi, na hapo ndo unarudi kwenye volyumu tena.

Sasa turudi ile siku ya nyuki, maana kulikuwa na kitu kingine sikukijua. Ile fazi nilitengenezewa na mzee mmoja fundi redio Kariakoo. Nilimpelekea mchoro, nikamwamkia shikamoo, akauangalia kwa miwani yake ya kufunga na uzi, transista mbili, resista nne, kapasita tatu, nobu mbili, akasema, "Mwanangu, hii ni amplifaya iliyochorwa vibaya." Nikamwambia ndiyo mzee, naitaka hivo hivo vibaya. Akavuta mkebe wa maziwa ya unga uliojaa transista za redio za zamani, akachambua AC128, akazipima moja moja na mita yake akiweka pembeni zinazovuja sana. Hizo ni za jemaniamu, sio silikoni za siku hizi, na jemaniamu ina sauti ya mviringo ambayo inalipenda tumbo la gitaa. Ila jemaniamu inaogopa joto. Ikipata joto inavuja zaidi, na transista ya pili ambayo inatakiwa ikae karibu na volti nne na nusu, nusu ya betri ya tisa, inahama. Ndo maana saa nane mchana mwezi wa pili ilikuwa inakohoa na kukata noti mikiani, na kule Bagamoyo jioni baharini pedali hiyo hiyo ilikuwa inaimba.

Nilivyomrudishia fundi hakushangaa hata kidogo. Alisema zile redio nazo zilikuwa hivo, mchana zinakwaruza usiku zinapona. Akatoa resista moja akaweka kidude cha kuzungushwa na bisibisi ndogo, akanifundisha kupima, akaniambia kila msimu zungusha. Sasa nazungusha Januari na nazungusha Juni. Mchana pedali naikalisha kwenye vigae sakafuni karibu na feni, kamwe sio juu ya amplifaya. Na nikatengeneza na nyingine ya silikoni, BC108, kwa ajili ya shughuli za mchana, yenyewe joto haiijali lakini ni kali na inafanya gitaa lipige mayowe upesi, kwahiyo hiyo nazibia matundu yote mawili. Naitumia kwa lazima tu, moyo wangu uko kwenye ile ya mkebe wa maziwa.

Kitu kingine cha jemaniamu hizi, umeme wake uko kinyume, chanya ndo inaenda ardhini, kwahiyo usithubutu kuichomeka kwenye adapta moja na pedali zako zingine. Mi natumia betri, tena zile za bei rahisi za dukani. Chomoa kebo ukimaliza kupiga, usipochomoa betri inaliwa usiku kucha.

Na tunza potenshometa ya volyumu, kile kifaa cha ndani kinachozungushwa na nobu, sisi wa pwani chumvi inaila, inaanza kukwaruza ukiigusa. Kuibadilisha kwenye semiholo ni kazi ya subira kwa sababu nyuma hakuna kifuniko, kila kitu kinatolewa kupitia tundu la f. Nilimwona fundi akifunga uzi wa kushonea viatu kwenye kila potenshometa kabla hajaisukuma ndani, nne zote, halafu kazi ikiisha anavuta uzi mmoja mmoja na potenshometa inarudi yenyewe kwenye tundu lake. Dakika arobaini mikono haimtetemeki.

Mzee wa bendi sikumwambia chochote kuhusu hayo yote. Nilikuja tu mazoezini siku moja usiku, kipande cha godoro tundu moja, chaki mfukoni, volyumu kwenye nne, nikapiga nyimbo tatu fazi imewashwa na hakujua. Ya nne ilipofika kwenye sebene nikapandisha mpaka nane, nikasogea kwenye alama yangu, nikaiacha C ikae. Akanigeukia. Hakunyoosha mkono. Wimbo ulipoisha akasema, "Baa nane. Kwenye huu wimbo tu, baa nane, nitakuwa nahesabu." Na kweli anahesabu hizo baa, vile vipande vya mdundo, kwa vidole vya mkono wa kushoto huku wa kulia unapiga rizimu hewani, harusi zote tunazopiga, ya nane ikifika anakunja ngumi na mi nashusha.

Jumamosi iliyopita Kigamboni, upepo wa bahari unaingia ukumbini, pedali imepoa vizuri, nilifika ya nane nikamwangalia. Alikuwa amefumba macho. Nilishusha kwenye ya kumi na mbili.